Makubadhi ya Mwinyi Madi

Kuvua makubadhi si kuvua uungwana. Ndivyo alivyowaambia Bi Nasra pale kona ya buchani, sivyo? Mkapanda ngazi mbio huku mnacheka, eti mtu mzima anawatolea methali kwa sababu mmepita kando ya mkokoteni wake uliokwama na hamkutia mkono. Shufaa ulikuwa na viatu vipya, nimeviona. Na Rukia je? Alikuwa akimngoja mwenye viatu vipya. Haya.

Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni, lakini acheni kwanza kucheka, maana hiyo mnayoichekea imetoka humu humu, katika ukoo huu. Watu wengine wana methali za wazee wao na wakizitaja wanatanua kifua. Sisi tunayo hii moja, na kila ikitajwa mbele yangu natazama chini. Bi Nasra anajua hayo. Methali ni nyingi, na yeye akawachagulia hiyo.

Basi chanzo chake ni hiki.

Zamani hizo mji wa Kiungamwe ulikuwa na mfalme wake na siwa yake ya pembe, iliyopulizwa kwenye harusi za wakubwa tu. Wareno walikuwa wakipita na merikebu zao kudai kodi. Wakipewa wanakwenda, wasipopewa wanachoma. Na ndani ya mji watu walikuwa mafungu mafungu. Juu walikaa waungwana, wenye nyumba za mawe na mashamba ng'ambo ya mkondo. Chini yao mafundi na wageni. Chini kabisa watumwa, ambao ndio waliolima, waliochota maji, waliopika na waliobeba.

Muungwana alijulikana kwa mambo mengi. Hapigi kelele, hali njiani, hakimbii hata mvua ikimnyeshea. Lakini kubwa lao lilikuwa miguuni. Barabarani aliyevaa makubadhi ni muungwana peke yake. Mwingine akionekana na viatu alivuliwa palepale akachapwa navyo. Kwa hiyo ukitaka kumjua mtu ni nani hukumtazama uso, ulimtazama nyayo. Upuuzi mtupu, nami nausema kwa mdomo wangu, lakini watu waliishi nao na wakafa nao.

Katika waungwana hao alikuwako mmoja, Mwinyi Madi. Huyo ndiye babu yetu. Msiniulize ni babu wa ngapi, nimeacha kuhesabu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusali, hana ugomvi na mtu. Nawaambia mapema ili msije mkamfanya shetani mkajiona nyinyi malaika. Ila alikuwa na kidonda chake. Ilisemwa kwamba bibi yake mzaa baba alikuwa suria, mwanamke aliyenunuliwa. Hakuna aliyemwambia usoni. Mji mdogo hauna siri, una adabu tu, na Mwinyi Madi alijua kwamba watu wanajua. Ndiyo maana hakuna aliyeushika uungwana kama yeye. Makubadhi yake yalitiwa mafuta kila siku, na alipotembea ungedhani ameweka kikombe cha kahawa kichwani.

Alikuwa na binti mmoja tu, Mwanakheri. Ikaja posa kutoka mji wa Shangamu, kwa Bwana Mshamu, akimposea mwanawe. Huyo Bwana Mshamu nasaba yake haikuwa na doa, watu waliitaja kama wanavyotaja dua. Na nyinyi mnajua habari ya kufu: wakati ule mwanamume na mwanamke hawakuoana mpaka wazee wathibitishe kwamba wako daraja moja. Ndugu za Bwana Mshamu walikuwa wamesikia ule uvumi wa suria. Wakaleta neno la heshima lakini chungu. Walisema watakuja wote siku ya harusi, watatazama, na wakiona lisilolingana watarudi na bwana harusi wao. Basi mfikirieni Mwanakheri: posa ikivunjika siku ya harusi yake mbele ya miji miwili, nani angemwoa tena? Angezeekea ghorofani.

Sasa niwaambie habari za Zafarani.

Mwinyi Madi alipozaliwa, mama yake hakuwa na maziwa. Mle nyumbani alikuwamo mjakazi, Zafarani, aliyejifungua mtoto wa kiume siku chache kabla. Akaamriwa amnyonyeshe bwana mdogo kwanza, wake anyonye kitakachobaki. Hakikubaki kitu. Yule mtoto wake alikufa hajaota jino, na hata jina lake halikuhifadhiwa na mtu. Zafarani akamlea Madi. Kwa sheria ya dini aliyekunyonyesha ni mama yako, na Madi alimpenda kweli. Alipokuwa mkubwa alimtengea sahani yake, na sikukuu ilipofika alimkatia nguo kabla ya mkewe.

Ni yeye Zafarani aliyempeleka kwenye mikoko akiwa mdogo, akamfundisha kutoa kaa mashimoni. Na akamfundisha tope. Lile tope la mkondo wetu linameza. Alimwambia likikushika mguu usipigane nalo, lala kifudifudi kama mjusi, tambaa, na ukimwona mwenzio amenaswa tandika ubao, lala juu yake, umvute taratibu. Tangu Madi atahiriwe mji mzima ulimwita Mwinyi, hata mkewe. Zafarani peke yake alimwita Madi.

Siku ya harusi ilipofika, Zafarani alikuwa ajuza. Asubuhi, maji yametoka, akavuka mkondo kwa miguu kwenda shambani kuchuma asumini za bibi harusi. Walimkataza. Akasema vijakazi wa siku hizi wanachuma na majani, na Mwanakheri atavaa vikuba vya maua yaliyochumwa na mkono wake yeye Zafarani. Kulikuwa na njia inayojulikana katikati ya tope, yenye mchanga mgumu, na ilipitika maji yakiwa yametoka. Akaenda. Huko akakawia, mgongo hauinami kama zamani.

Mchana maji yakaanza kujaa. Mwinyi Madi alikuwa amesimama kwenye jiwe la kushukia na wazee sita wa mji, wote wamevaa kanzu nyeupe na makubadhi, na mpiga siwa nyuma yao. Walikuwa wakiungoja mtepe, chombo cha watu wa Shangamu, ambao ungeingia na maji hayo hayo. Watumwa wote walikuwa nyumbani kwenye vyungu na ng'ombe wa kuchinjwa.

Hapo wakamwona Zafarani anarudi, kikapu kichwani. Maji yalikuwa yameanza kuifunika njia na akaikosa. Mguu mmoja ukaingia, akautoa, wa pili ukaingia, na mara tope likawa mapajani. Kutoka pale alipokwama mpaka kwenye jiwe hazikupungua hatua hamsini wala hazikuzidi sana. Alikuwa akionekana uso.

Mwinyi Madi alijua la kufanya kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Alikuwa na mbao za kushukia abiria karibu yake. Alichotakiwa ni kuinama na kuvua viatu, kazi ya kupiga chafya moja. Lakini akafikiri: nikiingia topeni peku, kifudifudi kama mtumwa, na hawa watu wakaingia sasa hivi wakanikuta hivyo, itakuwa nimewathibitishia walilokuja kulitafuta. Akamwomba Mwinyi Kae, mmoja wa wale wazee, aende nyumbani awaite watumwa. Mwinyi Kae akaenda. Akaenda na mwendo wake wa kiungwana, fimbo mkononi, na njiani alisimama akaamkiana na watu wawili.

Zafarani akaita. Hakupiga yowe. Aliita kama anavyoita mtu mwenye hakika kwamba anayemwita atakuja. "Madi!"

Wale wazee wakatazama baharini. Jina hilo bila Mwinyi lilikuwa kama kumwona mtu amevuliwa nguo, na adabu yao ilikuwa kutotazama. Naye Mwinyi Madi akatazama baharini. Maji yakafika kiunoni kwa Zafarani, naye bado ameshika kikapu kichwani kwa mikono miwili. Akaita tena. Na mtepe ukatokea kwenye kona ya mikoko, tanga linashushwa.

Wanangu, sikilizeni hapa. Mtu huyo alikuwa na muda. Siyo kwamba lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Mtepe uliingia polepole, ukafungwa, siwa ikapulizwa, wageni wakashuka, watu wakapeana mikono, wakaulizana hali za wazee na za njiani. Kwa muda wote huo mama yake alikuwa akimwita, na kila siwa ilipopumzika sauti ilisikika.

Bwana Mshamu alikuwa mtu mnene, mfupi, ndevu nyeupe. Alikuwa bado amemshika Mwinyi Madi mkono alipogeuza kichwa.

"Yule anayeita ni nani?"

"Mjakazi," akasema Mwinyi Madi. "Jua limempiga kichwani. Watumwa wanakuja kumtoa."

"Na huyo Madi anayemwita ni nani?"

"Simjui."

Hayo ndiyo maneno ya babu yetu. Simjui. Nimeyasikia kwa mama yangu, naye kwa mama yake, na hakuna aliyethubutu kuyalainisha.

Bwana Mshamu hakuuliza tena. Akauachia ule mkono, akainama, akavua makubadhi yake akayaweka juu ya jiwe kama mtu anayeingia msikitini. Akakunja kanzu mpaka mapajani, kanzu ya hariri, akachukua ubao. Mwinyi Madi akaona kitakachotokea akaogopa. Akamshika bega akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hilo si la kwake, na miji miwili inamtazama.

"Kuvua makubadhi si kuvua uungwana," akasema Bwana Mshamu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia.

Akaingia. Hakujua tope letu, masikini, alizama mpaka magotini hatua ya nne, akaanguka akainuka, ndevu zote tope. Mabaharia wake wakaruka kumfuata na kamba. Akatandika ubao, akalala juu yake na lile tumbo lake, akatambaa. Maji yalikuwa kifuani kwa Zafarani. Wakamfunga kamba chini ya makwapa, wakamvuta, wakamleta juu ya jiwe. Kikapu hakukiachia. Asumini zilikuwa kavu.

Mwinyi Madi alikuwa palepale aliposimama. Kanzu yake haikuwa na tone.

Bwana Mshamu akapiga magoti, akamfuta yule ajuza uso kwa kilemba chake. Kisha akamuuliza, na watu wote wanasikia, "Mama, ulikuwa ukimwita nani?"

Hapo Mwinyi Madi akajua yamemfika. Neno moja tu la yule bibi, akisema nilikuwa namwita huyu hapa, mwanangu wa maziwa, basi harusi imekwisha na jina lake limekwisha, wala hakuna ambaye angesema ameonewa. Zafarani akainua macho akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Nilikuwa namwita mwanangu, bwana," akasema. "Nilikuwa na mwana akiitwa Madi. Alikufa."

Bwana Mshamu akamtazama Zafarani, akamtazama mwenyeji wake, akatazama yale makubadhi yaliyong'aa kwa mafuta. Mtu mzima haambiwi kila kitu. Ndugu zake wakamzunguka, mmoja akamnong'oneza sikioni. Akatikisa kichwa.

"Harusi iendelee," akasema. "Binti hana kosa."

Ikaendelea. Mwanakheri akavishwa vikuba vya asumini, siwa ikapulizwa, watu wakala wakashiba. Bwana Mshamu aliingia ukumbini baada ya kuoga, miguu peku, kwa kuwa makubadhi yake aliyasahau juu ya jiwe na maji yakayachukua. Watu walimsogelea na kumpisha mahali pa juu kabisa, wakambusu mkono. Hakuna aliyetazama nyayo zake. Mwinyi Madi aliketi pembeni yake amevaa vizuri kuliko wote, na kila aliyempa mkono hakumtazama machoni.

Mnadhani yameishia hapo? Hayakuishia hapo.

Wageni walipoondoka, Mwinyi Madi alikwenda kwenye kibanda cha Zafarani uani. Alikwenda peku. Alikuwa ameandika waraka wa kumwacha huru, na ameleta nguo na asali. Zafarani alikuwa amekaa kwenye jamvi, amepata nafuu. Alipomwona mlangoni akajaribu kuinuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa Madi tangu azaliwe.

"Shikamoo, Mwinyi," akasema.

Akamwambia asiinuke. Akaketi chini mbele yake, akalia, akakiri yote. Alisema alimsikia tangu mara ya kwanza. Alisema aliona aibu ya watu ikamshinda, na sasa aibu aliyonayo hana mahali pa kuiweka. Zafarani alisikiliza, akatikisa kichwa, akamwambia hana kinyongo, amemsamehe duniani na akhera. Aliupokea waraka, akashukuru kwa adabu, akaukunja. Lakini katika maneno yote hayo hakulitaja jina lake. Ilikuwa ndiyo Mwinyi, ahsante Mwinyi, Mungu akuzidishie Mwinyi.

"Mama," akamwambia, "niite Madi."

"Siwezi, Mwinyi. Madi nimekwisha kusema mbele za watu kwamba amekufa. Mimi sina nasaba wala nyumba, nina neno langu tu. Nikikuita sasa nitakuwa mwongo."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, katika nyumba ile ile, huru, akila chakula kile kile. Babu yetu kila asubuhi alipita kibandani kwake akasema, Mama, umeamkaje. Na kila asubuhi akajibiwa, Salama, Mwinyi. Hakukuwa na ukali ndani yake. Angekasirika, angemtukana, pengine babu angepona. Hata siku aliyokata roho, babu akiwa amemshika mkono, alimwinamia akamsihi kwa Mungu amwite. Zafarani akamwambia, "Labeka, Mwinyi." Hilo ndilo neno lake la mwisho.

Tangu harusi ile babu hakuvaa tena viatu. Watu wa mji walianza kumsifu, wakasema tazameni unyenyekevu wa Mwinyi Madi. Mimi simsifu. Alivitembeza vile vidole vyake vichafu miaka thelathini, na haikumfaa mtu. Miguu peku ilitakiwa siku moja tu, mchana mmoja, hatua hamsini. Naye alijua hivyo kuliko wanaomsifu. Alipokaribia kufa alimwita Mwanakheri kutoka Shangamu akamsimulia yote kama ninavyowasimulia nyinyi, pamoja na lile neno simjui. Akamwachia wasia kwamba kila mtoto wa ukoo huu asimuliwe, na asifichwe kitu.

Kwa hiyo sisi ni wajukuu wa wote wawili, Mwinyi Madi kwa binti yake na Bwana Mshamu kwa mwanawe. Watu hutaja nusu moja tu. Mimi nimezeeka, na bado sijui siku nitakapoitwa kwa jina langu mbele za watu itaitika damu ipi. Nimewahi kuitwa, wanangu. Mara moja nilitazama baharini. Hiyo sitawasimulia leo, uso wangu hauna nguvu.

Buchani pale mlisema mnaharakisha, Bi Nasra akawajibu kwa maneno matano. Sasa mnajua nani aliyasema kwanza, na aliambiwa nani. Kuvua makubadhi si kuvua uungwana.